Uzi ni wa Kuazima, Mizizi Ndiyo Hushika

Mmea wangu wa kwanza wa majini niliuua kwa kuupanda. Niliununua pamoja na samaki sita wadogo, majani yake manene yaking'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, nikaja nao nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa maji. Muuzaji hakuniambia lolote, nami sikuuliza. Nilifanya kile ambacho mtu aliyelelewa na jembe angefanya: nikachimba kijishimo kwenye mchanga wa tangi, nikautia, nikaufukia na kuushindilia kwa vidole viwili. Wiki ya tatu majani yakaanza kung'oka mojamoja na kuelea. Nilipoufukua, shina lilikuwa jeusi na laini, likinuka kama muhogo uliovundikwa ukasahauliwa.

Mmea ule huitwa anubiasi. Haukufa kwa njaa wala kwa ugonjwa. Ulikufa kwa sababu niliupa ardhi, na wenyewe ulitaka mti.

Leo kwenye tangi langu hapa Tanga hakuna mmea hata mmoja uliopandwa mchangani. Yote imeshika kigogo kimoja chenye matawi mawili, na wageni wanaoinama kutazama hudhani gogo lenyewe limechipua. Nayaandika haya kwa ajili yao, na kwa kila mwenye tangi la samaki sebuleni ambaye ameshatupa mimea miwili mitatu akiamini kwamba mkono wake haufai. Mkono wako unafaa. Huenda ulipanda kitu kilichotaka kufungwa.

Tangawizi isiyofukiwa

Chukua tangawizi mbichi jikoni uitazame vizuri. Kile tunachokitwanga na kukitia kwenye chai si mzizi, ni shina lililolala. Ukilichunguza utaona vifundo, na kwenye vifundo ndipo machipukizi yanapotokea. Anubiasi ina shina la namna hiyohiyo, nene kama penseli au kama kidole, linalotambaa mlalo. Upande wa juu linatoa majani, upande wa chini linashusha mizizi. Tofauti ni moja, nayo ndiyo iliyoniponza: tangawizi huishi ndani ya udongo, anubiasi huishi juu ya kitu. Mizizi yake inaweza kuingia mchangani bila madhara, lakini shina likifukiwa huoza. Na likioza hakuna kinachobaki, maana majani na mizizi yote imeanzia hapo.

Ili kuelewa kwa nini mmea uukatae udongo, twende kwao. Anubiasi ni mmea wa Afrika, wa misitu ya mvua kuanzia Guinea na Sierra Leone, kupitia Nigeria na Kamerun, hadi Gabon na nchi mbili za Kongo. Huota kandokando ya vijito na ndani yake, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mvua zikija, maji hufurika na kuzoa udongo, majani makavu na kila kisichojishikiza. Mvua zikiondoka, maji hushuka na mawe hubaki nje. Mahali kama hapo udongo ni msafiri, leo upo na kesho umekwenda. Wenyeji wa kudumu ni jiwe na gogo lililoanguka. Basi mmea uliobaki hai pale ni ule uliojifunza kukumbatia jiwe na gogo.

Mtu akiona mmea umekaa juu ya mti, mara nyingi husema ni kimelea, unanyonya. Anubiasi hainyonyi. Gogo lenyewe limeshakufa na halina cha kunyonywa. Mmea unachotaka kwake ni mahali pa kushika tu, kama okidi iliyokaa kwenye tawi la mwembe mkongwe bila kuudhuru mwembe. Chakula chake huchukua majini, kwa majani na kwa mizizi. Samaki hula, hunya; kinyesi chake na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, bakteria huigeuza amonia hiyo kuwa naitreti, na mmea huzitumia zote mbili kama mbolea. Kwa hiyo kigogo kilichovaa majani ni pambo linalofanya kazi. Kinasaidia kuyasafisha maji yaleyale ambayo samaki anayapumua.

Mwafrika aliyezunguka dunia

Jina la anubiasi lina safari ndefu. Mwaka 1857 Heinrich Wilhelm Schott, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliliita kundi hili Anubias, kutokana na Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale mwenye kichwa cha mbweha. Husemwa kwamba alichagua jina hilo kwa kuwa mimea hii inapenda kivuli. Aina ya kwanza, Anubias afzelii, ilibeba jina la Adam Afzelius, Mswidi aliyekusanya mimea Sierra Leone katika miaka ya 1790. Aina inayopendwa kuliko zote na wafuga samaki, Anubias barteri, Schott aliieleza mwaka 1860, akiipa jina la Charles Barter. Huyu alikuwa mtunza bustani Mwingereza aliyefuatana na msafara wa William Balfour Baikie katika mto Niger mwaka 1857. Alifariki kandokando ya mto huohuo mwaka 1859, na hakuwahi kulisoma jina lake kwenye mmea ule.

Kuna umbo dogo la aina hiyo, asili yake Kamerun, ambalo majani yake hayazidi urefu wa kidole. Wataalamu waliliita nana, kwa Kilatini maana yake kibete. Kwetu pwani nana ni neno la heshima kwa bibi, na mimi kila nikiutaja mmea huo huona jina la kwetu linaukaa vizuri zaidi: mdogo wa umbo, mtulivu, hauna haraka na hauna madai. Huo ndio ninaomshauri kila anayeanza.

Leo anubiasi huzalishwa kwa wingi katika vitalu vya Asia ya Kusini-Mashariki na vya Ulaya, husafirishwa kwa ndege, na wengi wetu tuliujua kwa mara ya kwanza kwenye picha za matangi ya mbali. Inaniuma kidogo kwamba tulilazimika kuonyeshwa na wengine mmea wa bara letu. Ila inanifurahisha zaidi kuurudisha sebuleni na kumwambia mtoto anayeuliza: huu ni wa Afrika, umeota kwenye vijito vya Kamerun na Kongo kabla ya kuota kwenye kitabu chochote.

Haupo peke yake. Lipo kangaga la majini ambalo wataalamu huliita Bolbitis heudelotii, lenye majani ya kijani kizito yaliyochanwachanwa, yanayopitisha mwanga kama kioo. Makao yake ni mapana: kuanzia Ethiopia hadi Senegal, na kusini hadi Afrika Kusini ya kaskazini, likiwa limeng'ang'ania mawe na miti kwenye mito inayokwenda kasi. Kutoka Asia kuna kangaga la Java, gumu na lenye subira, ambalo hutoa vitoto kwenye ncha za majani yake ya zamani. Kuna mosi ya Java, ule mmea mdogo unaotandaza zulia la kijani juu ya chochote kilicholowa. Na kutoka vijito vya mawe vya kisiwa cha Borneo kuna busefalandra, ndugu wa mbali wa anubiasi, yenye majani yanayometameta rangi ya samawati. Mimea yote hii ina desturi moja: inashika, haifukiwi.

Mtu aliyewafanya wafuga samaki wa dunia nzima walitazame gogo kwa jicho jipya ni Takashi Amano, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1954 mkoani Niigata. Kabla ya matangi alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, kisha mpiga picha wa misitu. Alipoigeukia kazi ya matangi, alijenga mandhari ya msitu na bonde ndani ya kioo: mawe, magogo, na mimea iliyoyafunika hadi huoni mkono wa mtu. Kazi yake kubwa ya mwisho aliijenga Lisbon, Ureno, ndani ya Oceanário de Lisboa. Lilikuwa tangi lenye urefu wa mita 40 na lita 160,000 za maji, lililofunguliwa Aprili 2015. Magogo makubwa yalipangwa humo kama mizizi ya msitu uliozama, yakiwa yamevikwa kangaga na mosi. Amano alifariki Agosti mwaka huohuo. Ukitazama picha za kazi ile, kumbuka kwamba kila jani lililo juu ya gogo lilianza kama kijimmea kilichofungwa kwa vidole vya mtu.

Gogo gani linafaa

Wavuvi wa kwetu wanajua tangu zamani kwamba mti unaweza kuua samaki. Majani ya mtupa yakipondwa na kutiwa kwenye kidimbwi, samaki hulewa na kuelea. Ndiyo maana uvuvi wa sumu umepigwa marufuku. Utomvu mweupe wa mnyaa nao ni sumu. Basi kanuni ya kwanza ya gogo la tangi ni hii: usitie mti usioujua. Epuka kila mti wenye utomvu wa maziwa, epuka misonobari na miti mingine yenye ulimbo, epuka mbao za ujenzi zilizotiwa dawa ya mchwa au rangi, na epuka tawi bichi, kwa kuwa utomvu wake utaozea majini.

Gogo zuri ni la mti mgumu, lililokauka kabisa, lisilo na gome linalobambuka wala sehemu iliyooza. Likwaruze kwa ukucha. Ukucha ukiingia, gogo hilo litamomonyoka ndani ya tangi, liache. Kwenye maduka ya samaki mara nyingi utakuta gogo la mopani, mti wa kusini mwa Afrika unaoota Zambia, Zimbabwe, Msumbiji na jirani zake. Ni mti mzito, huzama wenyewe, na una pande mbili za rangi: moja nyeupe ya mchanga na nyingine ya kahawia iliyokolea.

Sisi wa pwani tuna majaribu mengine. Magogo yapo ufukweni, yamelainishwa na mawimbi na kuchongwa na jua. Yanaweza kutumika, lakini yamenyonya chumvi kwa miezi au miaka. Gogo kama hilo liloweke kwenye pipa la maji baridi kwa wiki kadhaa, ukibadilisha maji mara kwa mara, na kabla ya kulitumia yaonje maji yaliyolala nalo usiku kucha. Ukisikia chumvi ulimini, endelea kuloweka. Jambo jingine ninalolisema kwa moyo wote: mkoko uliosimama usiuguse. Mizizi ya mikoko ina maumbo ya kuvutia, lakini ule ni ukuta wetu dhidi ya bahari na ni kitalu cha samaki na kamba tunaowala. Kuukata bila kibali ni kosa kisheria, na kuukata kwa ajili ya kupamba tangi la samaki ni kuua samaki wengi ili upendezwe na wachache.

Ukishapata gogo, lisugue kwa brashi ngumu bila sabuni, kisha lichemshe kwa saa moja au mbili kama sufuria yako inalitosha. Kama halitoshi, limwagie maji yanayochemka kila upande. Kuchemsha huua wadudu na mbegu za kuvu, hulifanya lijae maji lizame upesi, na huanza kutoa tanini. Maji yatageuka rangi ya chai ya mkandaa. Usiogope. Tanini imo pia kwenye magome ya mikoko, ambayo wavuvi wa zamani waliyachemsha na kuchovya nyavu zao ili zisioze. Haiwadhuru samaki, wengi wao asili yao ni mito ya misituni yenye maji ya rangi hiyohiyo. Kama hupendi rangi, endelea kuloweka na kubadilisha maji hadi ipungue.

Gogo likishaingia ndani ya tangi, wiki za kwanza huenda likafanya utando mweupe kama ute. Watu wengi hulitupa gogo hapo. Ute huo ni kuvu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki kwenye mti. Ufute kwa mswaki, au waachie konokono na uduvi, ambao kwao hiyo ni karamu. Baada ya wiki chache chakula chake hukwisha nao hutoweka.

Mafunzo ya bamvua

Kufunga kwenyewe nilijifunza mara mbili, mara ya kwanza vibaya. Nilitumia waya mwembamba wa shaba niliouokota kwenye nyaya za umeme. Waya ulikata shina, na shaba ni sumu kwa uduvi hata ikiwa kidogo. Nikaenda kwa mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, kuomba kipande cha mshipi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mshipi wa nini, mwanangu? Wewe huvui."

Nilimweleza. Hakucheka. Aliniambia nilete gogo na mmea, akaketi nao kizingitini, akauzungusha mshipi mara tatu, akaacha nafasi ambayo ncha ya kidole inaweza kupenya.

"Umelegea," nikasema.

"Haujalegea. Ukiifunga ngalawa maji yakiwa mafu, ukaivuta kamba ikakaza, bamvua ikija inazama kwa kamba yako mwenyewe. Unafunga kwa kujua maji yatajaa. Na mmea ukikua, hayo ndiyo maji kujaa kwake."

Maneno hayo ndiyo kiini cha kazi hii yote, na tangu hapo sijasoma maelekezo yaliyoyashinda. Haya ndiyo mambo ya mkononi.

Kwanza, uandae mmea. Utoe kwenye kikopo chake, uondoe pamba yote inayozunguka mizizi hadi isibaki hata uzi. Punguza mizizi mirefu kwa mkasi, ibaki kama urefu wa kifundo kimoja cha kidole. Mizizi mipya itakayoota juu ya gogo ndiyo itakayoshika. Kata majani ya manjano na yaliyotoboka. Ikiwa shina ni refu, unaweza kuligawa kwa wembe safi, mradi kila kipande kibaki na majani matatu au manne. Muda wote huo mimea isikauke. Iweke kwenye bakuli la maji.

Pili, chagua mahali. Lishike gogo kama litakavyokaa ndani ya tangi kabla ya kufunga chochote. Anubiasi hukaa vizuri kwenye panda, pale matawi yanapoachana, na kwenye upande wenye kivuli. Kangaga la majini liweke mbele ya mkondo wa pampu, maana kwao ni mto unaokimbia. Mosi huvaa vizuri ncha za matawi. Usijaze, kijito cha kweli kina sehemu tupu, na jicho nalo linahitaji pa kupumzika.

Tatu, chagua cha kufungia. Uzi wa pamba huoza majini baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo unafaa kwa mosi, ambayo hushika upesi. Hakikisha ni pamba kweli, kwa kuwa nyuzi nyingi za mafundi cherehani siku hizi ni poliesta. Choma ncha: pamba huacha jivu, poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Mshipi wa nailoni hauozi, kwa hiyo unafaa kwa anubiasi na kangaga ambazo huchukua miezi kushika. Zungusha mara tatu au nne juu ya shina, ukipita katikati ya majani bila kuyabana, kisha funga fundo upande wa nyuma na ukate ncha zote. Ncha ya mshipi inayoning'inia inaweza kumjeruhi samaki.

Mosi ina siri yake. Watu hufunga fungu zima, na ndani ya mwezi ile ya chini inakuwa ya kahawia na yote hung'oka. Ikate vipande vya sentimita moja au mbili, itandaze nyembamba kiasi cha kuliona gogo chini yake, ndipo uzungushe uzi. Ile itakayoota baadaye ndiyo itakayolifunika gogo.

Kwa asiyependa uzi, kuna gundi ya haraka, ile watu wanayoiita supagluu, ambayo kemikali yake ni sayanoakrileti. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1958. Ajabu yake ni kwamba haishiki kwa kukauka kama gundi za karatasi. Hushika kwa kukutana na unyevu. Maji ndiyo yanayoifanya igande, ndiyo maana inafaa kwa kazi yetu. Tafuta ile nzito isiyotiririka. Futa unyevu wa juu kwenye gogo na kwenye upande wa chini wa shina kwa kitambaa, weka tone moja au mawili tu, kandamiza kwa nusu dakika, kisha tumbukiza. Mahali penye gundi patabaki doa jeupe ambalo mizizi italificha baadaye. Ikishaganda haiwadhuru samaki. Vaa glavu za plastiki, na usiipake shina zima, kwani mizizi inatokea chini yake na inahitaji njia.

Nyumba zetu na mmea huu

Yapo matangi ya mimea yanayodai mitungi ya gesi ya kaboni, taa kali na mbolea za kupimwa kwa matone. Tangi la magogo halidai hayo, na ndiyo maana naliona ni letu. Umeme ukikatika jioni nzima, anubiasi haishtuki. Imetoka kwenye kivuli cha msitu. Taa ya kawaida ya tangi kwa saa sita hadi nane kwa siku inaitosha. Ukizidisha, au ukiliweka tangi mbele ya dirisha la jua, majani yake yanayokua polepole yatavaa mwani wa kijani na mweusi kabla hayajakua. Mwani ukitokea, punguza mwanga kwanza, futa majani kwa vidole, na ukate yaliyozidiwa.

Joto ni jambo la kulitazama kwa sisi wa pwani. Anubiasi hufurahia maji ya nyuzi 22 hadi 28, lakini tangi la sebuleni Tanga, Mombasa au Dar es Salaam huweza kupita hapo miezi ya Januari na Februari. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyapoza, ila maji nayo hupungua haraka, uyaongeze. Watu wa Nairobi, Arusha au Bukavu wana shida ya kinyume, nao huhitaji kipasha joto. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatia.

Wapo pia wanaofuga samaki wa Ziwa Nyasa au Ziwa Tanganyika, wale wa miamba wenye rangi za kupendeza, ambao wamekata tamaa na mimea kwa kuwa samaki hao huchimba na kutafuna. Anubiasi iliyofungwa haichimbuliki, na majani yake ni magumu, samaki wengi huyaonja mara moja wakayaacha. Ziwani kwenyewe haipo, na anayetaka picha kamili ya miamba ya Kigoma aache mawe matupu. Lakini anayetaka kijani pamoja na samaki hao, hapa ndipo pa kuanzia.

Baada ya hayo hubaki subira, nayo ndiyo sehemu ngumu. Anubiasi hutoa jani moja kwa wiki tatu au nne. Mwezi wa kwanza hutaona chochote. Huenda hata majani mawili ya zamani yakageuka manjano, kwa kuwa mmea unaizoea nyumba mpya. Usiuguse. Kila ukiuvuta kupima kama umeshika, unakata vijizizi vilivyokuwa vinatafuta ufa wa kuingia. Mwezi wa pili tazama kwa pembeni kupitia kioo: utaona nyuzi nyeupe au za kijani zimeshuka kutoka kwenye shina na kulifuata gogo, zikifuata kila mkunjo wake.

Anubiasi wangu wa pili, ule uliofungwa na mzee, niliuacha miezi minne. Jumamosi moja asubuhi nikatia wembe chini ya mshipi, nikaukata sehemu tatu na kuuvuta taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kuona mmea unaelea. Haukuelea. Nikalishika shina kwa vidole viwili na kuliinua, na gogo lote likanyanyuka nalo kutoka mchangani, zito, likichuruzika maji. Mizizi ilikuwa imelizunguka mara mbili, ikapita juu ya alama nyembamba za mshipi na kuzifunika.

Nilikwenda kumwita mzee. Alikuja na fimbo yake, akainama kwenye kioo, akatazama kwa muda bila kusema, kisha akaniuliza mshipi wake uko wapi. Nilikuwa nimeuviringisha na kuuweka kwenye kisahani. Vipande vitatu, kila kimoja bado kinatosha kufunga mmea mdogo. Akavipokea, akavitazama, akanirudishia mkononi.

"Weka," akasema. "Kuna mwingine atakuja kuuliza."